Koko hakukataa kusikia

Juma hili tunawaletea habari ya kosa lililofanyika nyumbani mwetu. Tunaliandika ili lisifanyike kwenu.

Koko anaishi nasi, na anatumia apareyi ya kusikilia, ile inayokaa nyuma ya sikio. Inaungana kwa mrija mdogo na kizibo kinachoingia ndani ya sikio. Alipoipata alifurahi sana. Alisikia mvua juu ya mabati, alisikia watoto wakirudilia masomo, na usiku alituomba tupunguze redio.

Kisha mvua za Septemba zilianza hapa Bukavu, na Koko akaacha kuitika. Tulimwita mara tatu, kimya. Tulipaza sauti, naye akasema: «Munanifokea kama mtoto.» Sisi kwa sisi tukasema kwamba uzee umemfanya kuwa mgumu, anasikia anachotaka tu. Akaacha kwenda kwenye shirika siku ya Mungu, kwa sababu watu walikuwa wanacheka na yeye hakujua wanachekea nini. Mwishoni aliivua ile apareyi, akaifunga katika kitambaa, akaiweka chini ya nguo zake. Ilikaa huko mpaka karibu na Noeli. Sisi walimu, tunaowaambia wanafunzi wachunguze kabla ya kujibu, hatukuichunguza hata siku moja.

Siku tulipoipeleka hospitalini, fundi alikitoa kizibo, akakiinua mbele ya dirisha, akatuonyesha. Tundu lilikuwa limezibwa na nta ya sikio, na ndani ya mrija kulikuwa na matone ya maji. Apareyi yenyewe ilikuwa nzima. Kuisafisha hakukuchukua hata dakika kumi. Koko alitutazama, akauliza: «Kumbe miezi hii yote si mimi?» Hatukupata jibu.

Haya ndiyo tunayofanya sasa apareyi ikinyamaza.

Tunaanza na betri. Betri hizi ndogo zinafanya kazi kwa hewa, ndiyo maana zina karatasi ya kunata juu. Ukiiondoa, ngoja dakika moja au zaidi ili hewa iingie, halafu funga. Ukiirudisha ile karatasi, betri inaendelea kuisha, basi usiiondoe kabla ya wakati. Tazama namba na rangi pia: 10 ni manjano, 312 ni kahawia, 13 ni rangi ya chungwa, 675 ni buluu. Ya Koko ni 13. Kwa kawaida betri moja inamaliza juma moja mpaka mawili, tunaandika tarehe kwenye kalenda.

Halafu tunaiwasha na kuifunga ndani ya kiganja. Ikipiga mluzi, inaishi. Isipopiga, na betri ni mpya, tunatazama tundu la kizibo na mrija.

Kizibo tunakitenga kwanza na apareyi, tunakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, tunapuliza maji yatoke, tunakiacha usiku mzima kikauke. Apareyi yenyewe haioshwi kamwe, tunaipangusa kwa kitambaa kikavu. Alkoli hatutumii. Nta iliyo katika tundu tunaiondoa kwa brashi ndogo laini, si kwa sindano.

Ikipiga mluzi ikiwa sikioni, mara nyingi kizibo hakikukaa vizuri, ao sauti imepandishwa mno, ao sikio lenyewe limejaa nta. Nta ya ndani ya sikio ni kazi ya muuguzi; nyumbani hatuingizi kijiti. Mrija ukiwa mgumu na wa manjano, unabadilishwa hospitalini.

Usiku tunafungua mlango wa betri na kuweka apareyi ndani ya mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyopatikana katika masanduku ya viatu vipya. Hatuikaushi karibu na mbabula wala juani, joto linaiharibu. Koko anaivua kabla ya kuoga, na kabla ya kutiwa mafuta ya nywele ao marashi.

Jambo moja zaidi, wamama, na hili ni zito. Betri hizi zinafanana na bonboni kwa mtoto. Akimeza moja, inaweza kumchoma koo kwa muda mfupi. Msingoje kuona kama itatoka yenyewe, kimbieni hospitalini saa ile ile. Za zamani pia zifungwe mbali na watoto.

Tulimwomba Koko msamaha mbele ya watoto, maana wao pia walikuwa wamejifunza kwetu kumcheka. Binti yetu wa miaka tisa ndiye anayetazama kizibo kila asubuhi sasa, anakiinua mbele ya dirisha kama alivyofanya fundi. Siku ya Mungu iliyofuata, Koko alirudi kwenye shirika. Alipofika nyumbani alitusimulia yale yaliyowachekesha wenzake.

Kama nyumbani mwenu kuna mzazi ao mtoto aliyeacha kuitika, msimhukumu haraka. Tazameni kwanza lile tundu.