Linda, Linda: Bendi Changa Inayostahili Sikio

Anayempendekezea mwenzake muziki huliweka sikio lake rehani. Akipatia, hupata ndugu wa kusikiliza naye. Akikosea, pendekezo lake la pili halitasikizwa. Ndiposa mpenzi wa muziki aliye mwangalifu hulipima pendekezo lake kama mhariri apimavyo mswada. Makala haya, baada ya kupima, yanawapendekezea wapenzi wa gitaa bendi moja changa: The Linda Lindas, ya wasichana wanne wa Los Angeles, Marekani.

Mzungumzaji wa Kiswahili alisikiapo jina hilo hudhani ni amri: linda, linda! La hasha, asili yake si Kiswahili. Limetokana na filamu ya Kijapani ya mwaka wa 2005, Linda Linda Linda, isimuliayo habari za wasichana wa shule ya upili wanaounda bendi ili watumbuize katika tamasha la shule yao. Filamu yenyewe ililichota jina hilo katika wimbo wa bendi ya Kijapani, The Blue Hearts. Hata hivyo, sadfa hii ya lugha si ya kupuuzwa, kwani bendi hii ilipata umaarufu kwa kulinda heshima ya mmoja wao.

Muda mfupi kabla ya shule kufungwa kwa sababu ya korona mwaka wa 2020, mvulana mmoja alimwendea Mila de la Garza, mpiga ngoma wa bendi, akamwambia kwamba baba yake amemwonya ajitenge na Wachina. Mila alipomjibu kwamba yeye pia ana asili ya Kichina, mvulana alirudi nyuma. Mtoto mwingine angalilimeza tusi hilo likamkaa moyoni. Mila na mwenzake Eloise Wong, mpiga gitaa la besi, waliligeuza kuwa wimbo, "Racist, Sexist Boy". Mnamo Mei 2021 waliupiga katika tawi la Cypress Park la Maktaba ya Umma ya Los Angeles, wamezungukwa na rafu za vitabu. Mila alikuwa na umri wa miaka 10. Mkubwa wao, mpiga gitaa Bela Salazar, alikuwa na miaka 16. Video yao ilienea ulimwenguni kwa siku chache, na kampuni ya kurekodi ya Epitaph ikawachukua.

Muziki wao una nasaba mbili: panki na roki ya gereji. Gereji inayotajwa hapa si ile ya fundi wa magari, bali ni chumba cha nyumbani cha kuegeshea gari. Humo ndimo vijana wengi wa Marekani wa miaka ya 1960 walimofanyia mazoezi, bila mwalimu wala studio ya kifahari. Gitaa lilikwaruza, ngoma zikatwangwa, na mwimbaji akapayuka ili asikike. Bendi ya The Kingsmen ya Portland ilirekodi "Louie Louie" mwaka wa 1963 kwa namna ambayo hata wapelelezi wa FBI, waliotumwa kuchunguza iwapo maneno yake yalikuwa machafu, walishindwa kuyatambua. Mwanafunzi wa fasihi ataelewa upesi: katika utanzu huu, ukwaruzo ni fani, na fani hiyo imeshikana na maudhui. Ghadhabu ya mtoto aliyetusiwa isingalikaa vyema katika sauti iliyonyooshwa kwa pasi.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba hawa ni watoto waliobebwa na bahati ya video moja. Isitoshe, baba ya Mila na dada yake Lucia, mpiga gitaa, ni Carlos de la Garza, mtayarishaji mashuhuri wa muziki. Hayo ni kweli, na ni kweli pia kwamba baadhi ya nyimbo zao za awali zinafanana mno. Lakini huruma kwa watoto haiwezi kuibeba bendi kwa miaka. Albamu yao ya kwanza, Growing Up, ya Aprili 2022, ina nyimbo kumi zisizofikisha nusu saa, na wote wanne huimba. "Nino" ni wimbo kuhusu paka wa Bela. "Cuántas Veces" unaimbwa kwa Kihispania, kwa upole usiotarajiwa. Mwaka wa 2024 walifungua maonyesho ya Green Day katika viwanja vikubwa, na Oktoba mwaka huohuo wakatoa albamu ya pili, No Obligation, yenye gitaa zito zaidi na sauti zilizokomaa.

Kwa hivyo, msomaji anayetaka kuwajua asianze na video ya maktaba. Aanze na albamu ya kwanza, aisikilize kwa mpangilio wake, kuanzia "Oh!". Wenyewe waliuweka ule wimbo mashuhuri mwishoni kabisa. Atakayefika huko kwa njia hiyo atakuwa amekwisha kuwajua kama wanamuziki, kabla ya kuwajua kama watoto waliodhulumiwa.

Mpangilio huo una funzo. Yule mvulana alimwona Mchina kabla hajamwona msichana wa rika lake, na hapo ndipo alipokosea. Msikilizaji anayewaona watoto, au wasichana, kabla ya kuisikia bendi anafuata njia iyo hiyo, hata kama nia yake ni kuwasifu. Na afumbe macho kwanza, aongeze sauti kadiri jirani yake wa bwenini atakavyostahimili, kisha aliache gitaa lijieleze lenyewe.