Land Rover Kuukuu za Milima ya Usangi

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi, milima ya Upare itakuandama kwa mkono wako wa kulia kwa muda mrefu. Wasafiri wengi huitazama kupitia dirisha la basi, husema ni mizuri, kisha husinzia. Safari hii usisinzie. Ukishaupita mji wa Same na kufika Mwanga, teremka, ujifute vumbi, ukatafute gari la kupanda Usangi.

Mwanga ni mji wa joto, wenye miiba na mikonge jirani yake. Usangi iko juu, umbali upatao kilomita 25 kwa barabara, na wala huwezi kuamini kwamba sehemu hizi mbili zimo katika wilaya moja. Barabara hupanda ikijikunja kama nyoka aliyekanyagwa. Ukitazama nyuma, chini kabisa upande wa magharibi, utaliona Bwawa la Nyumba ya Mungu likimetameta kwenye nyika. Baada ya hapo baridi huanza kupenya chini ya shati, migomba na mibuni huchukua nafasi ya miiba, na juu ya yote husimama mlima Kindoroko, wenye kimo cha meta 2,113 na msitu wake unaonyonya ukungu. Huko Usangi ndiko alikozaliwa Mzee Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, na ndiko alikozikwa Mei 2025.

Lakini leo sikukuandikia habari za wakubwa. Nimekuandikia habari za magari.

Siku hizi zipo Noah na zipo pikipiki, na lami imekwisha anza kupanda mlima kwa vipande. Hata hivyo, ukisimama kando ya barabara utasikia mngurumo ambao si wa Noah wala wa pikipiki. Ni mngurumo mzito, wenye kukohoa kidogo kila dereva anapobadili gia. Hiyo ni Land Rover 109. Namba hiyo ni urefu wa inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, yaani karibu meta mbili na robo tatu. Magari ya aina hii yaliacha kutengenezwa mwaka 1985. Kwa hiyo lile utakaloliona, hata likiwa changa kuliko yote, limewazidi umri vijana wengi wanaolipanda.

Asili ya gari hili ni ya shamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bwana Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani aliyoitumia katika shamba lake huko Wales. Ikawa inachakaa, na Mwingereza hakuwa na gari la kuweka mahali pake. Akabuni la kwake, nalo likaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Chuma cha pua kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza wakati ule, na kwa sababu hiyo bodi ilitengenezwa kwa aina ya alumini. Ulikuwa uamuzi wa shida, lakini ndio ulioyapa magari haya umri mrefu, kwa kuwa alumini hailiwi na kutu kama bati la chuma. Katika nchi ya ukungu na mvua kama Usangi, hilo si jambo dogo.

Chesisi, hata hivyo, ni ya chuma. Mtu asiyejua hununua Land Rover kwa kutazama rangi yake. Anayejua huvua koti, akalala chini ya gari na nyundo ndogo mkononi, akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Palipo pazima hulia kama kengele, palipooza hutoa sauti ya debe lenye matope. Kadhalika hutazama pale alumini inapokutana na chuma, kwenye bolti na misumari, maana maji yakikaa kati ya madini hayo mawili, alumini huanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Baada ya hapo hufungua kadi ya gari na kuilinganisha namba ya chesisi na ile iliyoandikwa. Mambo haya matatu hayagharimu hata senti moja, na yamewaokoa wengi.

Nikikaa kando ya gereji za milimani, huvutiwa na jinsi zilivyo tupu. Hapana mashine za kupimia wala winchi. Upo mti wa kivuli, ipo jeki, kuna spana zilizopauka kwa kushikwa, na kuna fundi. Gari lilibuniwa kwa namna ambayo karibu kila kitu hufunguka kwa spana: milango, mabawa, sakafu, hata paa. Giaboksi hutolewa kupitia ndani, baada ya kuvua viti na sakafu. Springi ni za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kimoja kikivunjika kwenye korongo huchomolewa chenyewe, kikawekwa kingine kutoka kwa gari lililokufa.

Yafaa ukumbuke kwamba milima hii ilijua chuma kabla ya magari. Huko Ugweno, jirani kabisa na Usangi, ukoo wa Washana ulikuwa wa wafua chuma. Waliyeyusha mchanga wenye madini, wakafua majembe na silaha, na chuma chao kikauzwa hadi kwa Wachaga. Historia aliyoiandika Profesa Isaria Kimambo inaeleza kuwa Washana ndio waliotawala Ugweno, kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Sisemi kwamba kila fundi wa gereji ni mjukuu wa Mshana. Nasema tu kwamba mahali ambapo mfua chuma alipata kuwa mtawala, fundi wa magari hapati taabu ya kuheshimiwa.

Heshima hiyo ilikomaa katika miaka ya shida. Wazee wanaikumbuka vizuri miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, wakati spea zilipokuwa adimu kuliko sukari. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu, na boksi la plagi lilifichwa uvunguni kama mahari. Gari lililokufa halikutupwa. Liligawanywa kama ng'ombe wa sikukuu, huyu difu, yule usukani. Ndiyo sababu Land Rover nyingi za milimani leo zina mlango wa gari la mwaka mwingine na taa za gari lingine kabisa.

Hapa ndipo penye mgogoro, ndugu msomaji. Duniani kote wamezuka watu wanaoyapenda magari ya zamani kwa ajili ya uzamani wake. Huko Marekani hukusanya magari ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa za silinda nane, kama Pontiac GTO na Ford Mustang zilizotoka mwaka 1964, na humlipa fedha nyingi mwenye gari ambalo kila bolti ni ile ya kiwandani. Kwetu shauku hiyo imeiangukia Land Rover. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la magari haya, yakaja kwa mamia kutoka kila upande na kuandamana barabarani, shabaha ikiwa ni kuipita rekodi ya Wajerumani ya mwaka 2018. Mengine yalikuwa yamepigwa rangi mpya na kung'arishwa mpaka unaweza kujinyoa kwa kujitazama kwenye bawa. Tangu hapo hata mwenye kigari kilicholala nyuma ya banda la mbuzi hukifikiria upya.

Wapenzi wa uhalisi husema injini iwe ileile ya lita 2.25 iliyotoka nayo Uingereza. Dereva wa mlimani huwacheka. Yeye amekwisha weka injini ya dizeli ya Kijapani, kwa sababu spea zake hupatikana Moshi siku hiyohiyo. Kila upande una hoja. Injini yenye nguvu zaidi hupanda haraka, lakini giaboksi na shafti zilibuniwa kwa nguvu ndogo, na dereva mwenye mguu mzito huzivunja. Injini ya asili ni ya polepole, hunywa mafuta, ila humfundisha dereva subira. Mimi, nikiulizwa, ningesema gari linalobeba watu lipewe injini inayopatikanika, na lile la maonyesho libaki na ya kwake.

Wala tusidhani kwamba ukubwa wa injini ndio kila kitu katika ardhi yetu. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilitoa somo hilo hadharani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka uliofuata Wamarekani walileta kikosi cha Mercury Comet zenye injini ya silinda nane ya lita 4.7, pamoja na mafundi na vifaa vya kutosha duka zima. Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho, na kwa mbali. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes wa Kenya, ndani ya Ford Cortina yenye injini ya lita moja na nusu. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Dar es Salaam, kwa Bert Shankland na Chris Rothwell waliokuwa wakiendesha Peugeot 404, gari lilelile ambalo wazazi wetu walilifahamu kama teksi na pikapu. Haki itendeke lakini: katika mbio za magari ya kale za Afrika Mashariki mwaka 2009, Ian Duncan wa Kenya alishinda kwa Ford Mustang. Mmarekani alisubiri miaka 45.

Turudi mlimani, maana kupanda si kazi kama kushuka. Breki za Land Rover hizi ni za ngoma, nazo zikibanwa mfululizo hupata joto na kupoteza nguvu. Dereva mzoefu hateremki Usangi kwa breki. Huingiza gia nzito kabla ya mteremko, akaiacha injini imzuie, na breki huigusa tu kwenye kona. Ukipanda gari ambalo dereva wake anateremka kwa gia nyepesi na mguu wote juu ya breki, mwombe akushushe, hata kama nauli umelipa. Gari la kupendwa kwa uzee wake bado laweza kuua. Nao mtindo wa kushindilia watu hadi wengine wananing'inia nyuma huku mikungu ya ndizi ikiwa juu ya paa, sioni fahari yoyote ndani yake, ijapokuwa wapiga picha wanaupenda sana.

Wanunuzi kutoka mijini wamekwisha anza kupanda mlima kuulizia. Huja na fedha taslimu, hukagua, hugonga chesisi. Mwenye gari mmoja, mzee wa kahawa aliyevaa koti la sufu saa sita mchana, alinieleza kwamba hakatai kuuza. Sharti lake ni moja: mnunuzi amletee kwanza gari jingine litakalofika nyumbani kwake mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea, huku mgonjwa akisubiri kushushwa hospitali. Mpaka siku niliyoondoka gari lilikuwa bado chini ya mwembe wake, jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu, na kijana mmoja akimimina maji kwenye rejeta tayari kwa safari ya alfajiri.