Boma la Kale Penye Utulivu
Watu wengi wapatapo livu hukimbilia pwani ya Mombasa, wakasongamana huko. Lakini kusini ya Kisumu, upande wa Migori, si mbali na Ziwa Viktoria, pako mahali pa kimya paitwapo Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa yapata karne ya 16, pasipo udongo wala saruji: jiwe hushikwa na jiwe, na kuta nyingine zapata kimo cha mita 4. Mwaka 2018 UNESCO iliyatia katika Urithi wa Dunia. Basi mgeni asipande ukutani, wala asichukue kijiwe kuwa ukumbusho. Kwani kimoja kikitoka, vingine hufuata, na kazi ya wazee ikaporomoka.