Kiti cha Ida Lupino

Wengi wanaomkumbuka Ida Lupino humkumbuka kwa uso wake, wala si ajabu, maana uso ndio mali ya mchezaji wa sinema. Alizaliwa London mwaka 1918 katika ukoo wa wachezaji wa jukwaani, akavuka bahari kwenda Hollywood angali kijana mno, na mwaka 1941 alicheza pamoja na Humphrey Bogart katika High Sierra. Sifa aliipata. Lakini alikuwa na desturi ya kukataa kazi zisizomridhisha, na kampuni iliyomwajiri ikamsimamisha. Katika siku za kusimamishwa alitazama jinsi taa zinavyowekwa na picha zinavyokatwa na kuungwa. Adhabu ikawa chuo chake.

Mwaka 1949 kampuni ndogo aliyoianzisha pamoja na mumewe, Collier Young, ilikuwa ikitengeneza Not Wanted, habari ya msichana aliyezaa nje ya ndoa. Mwongozaji, Elmer Clifton, akashikwa na maradhi ya moyo. Lupino akaiongoza kazi mpaka mwisho, na heshima ya uongozaji akamwachia Clifton. Baadaye akatengeneza Outrage, mwaka 1950, juu ya mwanamke aliyenajisiwa, jambo ambalo sinema za Marekani wakati ule zililipita kimya.

Picha ninayowaonyesha wanafunzi wangu ni The Hitch-Hiker ya mwaka 1953. Wanaume wawili wanakwenda kuvua samaki. Njiani wanampakia mtu, kumbe ni muuaji. Jicho lake moja halifumbi hata alalapo, kwa hiyo usiku mateka wake hawajui kama amelala au yu macho. Sijaona hofu iliyojengwa kwa kitu kidogo zaidi ya kope hiyo.

Nyuma ya kiti chake cha uongozaji yaliandikwa maneno yenye maana ya Mama Yetu Sote. Alisimulia mwenyewe kwamba mafundi wanaume hakuwaamrisha. Alijifanya mama mwenye shida, akawaomba msaada, nao wakafanya alilotaka. Wako wanaomlaumu kwa hila hiyo. Mimi siwezi kumlaumu upesi. Vikaoni wenzangu wa kiume huitwa Daktari, nami, mwenye shahada ile ile, huitwa Mama. Jina hilo katika Kiswahili ni heshima kubwa, na kwa sababu ni heshima ni vigumu kulikataa. Lupino hakulikataa, alilikalia.

Mwaka huo huo wa 1953 aliongoza The Bigamist na kucheza ndani yake, habari ya mume mwenye wake wawili. Mke wa pili alikuwa Lupino, na wa kwanza Joan Fontaine. Mswada wa sinema uliandikwa na Collier Young, ambaye wakati huo alikwisha kuachana na Lupino na kumwoa Fontaine. Kila asubuhi mwongozaji alimwelekeza mke wa aliyekuwa mumewe pa kusimama, kisha akaagiza taa ziwashwe.