Kiwanda Kiliuzwa, Jina Likabaki

Ukipita kando ya rafu za vinywaji vikali katika duka lolote kubwa jijini Nairobi, hutakosa kuiona chupa ya kijani iliyoandikwa Jameson. Hata kama hunywi, jina hilo unalijua. Utalisikia kwenye karamu za harusi, na utalisikia kwa wanafunzi wa vyuo wakipanga mambo yao ya Ijumaa jioni. Mimi si mnywaji, wala sikukusudia kukufanyia tangazo la biashara siku ya Jumapili. Chupa hiyo imeingia nyumbani kwetu kwa njia nyingine kabisa, kama mfano katika ugomvi wa urithi.

Marehemu baba alituachia kinu cha kusaga mahindi katika soko la kwetu nyumbani. Ukutani pameandikwa jina lake kwa rangi nyekundu, likifuatwa na maneno "na Wanawe". Sisi wanawe tumetawanyika mijini, na kinu kinaendeshwa na kijana wa kuajiriwa. Sasa amejitokeza mnunuzi mwenye bei nzuri. Sharti lake ni moja: jina lisifutwe. Anasema wateja wanalifuata jina, si mashine. Kaka yangu mkubwa haoni taabu yoyote. "Watazameni akina Jameson," alituambia siku ile tulipokutana kwa mama. "Waliuza kiwanda, na jina lao bado linang'aa dunia nzima."

Nami, kwa kuwa ni mtu wa kuchimbua mambo, nikaenda kusoma habari za ukoo huo. Hebu nikusimulie nilichokuta, kisha upime mwenyewe.

John Jameson hakuwa Mwairishi. Alizaliwa Alloa, Scotland, mwaka wa 1740, na kazi yake ilikuwa ya mambo ya sheria. Mwaka wa 1768 alimwoa Margaret Haig, binti wa ukoo mkubwa wa watengenezaji wa wiski huko Scotland. Mamake Margaret naye alitoka katika ukoo wa Stein, na akina Stein ndio waliokuwa na mkono katika kiwanda cha mtaa wa Bow Street mjini Dublin, nchini Ireland. Kwa hiyo usidanganyike na mwaka wa 1780 unaotajwa kwenye chupa. Kiwanda kilikuwapo, lakini Jameson aliingia kwa mlango wa ukweni, akakisimamia, na hadi kufikia mwaka wa 1810 ndipo biashara ikajulikana kama John Jameson na Mwanawe. Inasimuliwa kwamba yeye na Margaret walijaliwa watoto 16. Baadhi ya vijana wao waliendesha viwanda vingine vya wiski hapo Ireland, naye John wa pili akarithi kile cha Bow Street. Mzee alifariki mwaka wa 1823.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Yeyote aliyemwona nyanya akianika kimea cha kutengenezea busaa anajua mwanzo wa wiski. Huko Ireland nafaka ni shayiri. Inaloweshwa ikachipuka, inakaushwa, inasagwa, inachanganywa na maji moto na kuachwa ichachuke. Kisha inachemshwa katika vyungu vikubwa vya shaba, na mvuke wake unakusanywa na kupozwa uwe kinywaji kikali. Wenye kupika chang'aa wanafanya hivyo hivyo kwa pipa na mrija. Akina Jameson walishika desturi ya kurudia kukeneka mara tatu, ili kinywaji kiwe laini. Jambo jingine ni kwamba walichanganya kimea na shayiri mbichi isiyochipuliwa. Unajua sababu? Kodi. Mwaka wa 1785 serikali ilianza kutoza kodi ya kimea, na wafanyabiashara wakapunguza kimea ili wapunguze kodi. Ladha iliyopatikana kwa ujanja huo ndiyo ikawa fahari ya Dublin!

Baada ya hapo wiski hulazwa katika mapipa ya mti wa mwaloni. Sheria ya Ireland inadai isipungue miaka 3. Kila mwaka kiasi cha asilimia 2 hivi hupotea hewani, nao hukiita fungu la malaika. Chang'aa yetu, iliyokuwa marufuku miaka mingi hadi sheria ya mwaka wa 2010, haijapata bahati ya kulazwa popote. Hunywewa ikingali na moto, na madhara yake kwa jamaa zetu tunayajua.

Basi ukoo ulistawi, kisha ukaja mtihani. Mwaka wa 1830 Aeneas Coffey, Mwairishi aliyekuwa afisa wa kodi za pombe, alisajili mtambo mpya wa kukeneka mfululizo, bila kusimama, kwa gharama ndogo. Matajiri wa Dublin waliudharau. Mwaka wa 1878 nyumba nne kubwa za mji huo, Jameson ikiwemo, zilitoa hata kitabu kueleza kwamba kinachotoka katika mtambo huo hakistahili kuitwa wiski. Waskoti wao waliupokea, wakachanganya wiski zao, wakauza kwa bei nafuu kila pembe ya dunia. Karne ya 20 ilipoanza kushika kasi, Ireland ikaingia vitani kudai uhuru wake kutoka kwa Waingereza, na Marekani nayo ikapiga marufuku pombe tangu 1920 hadi 1933. Soko likabomoka.

Mwaka wa 1966 Jameson iliungana na hasimu wake wa miaka nenda miaka rudi, John Power, pamoja na kampuni ya Cork, wakawa Irish Distillers. Mwaka wa 1971 moto wa Bow Street ulizimwa. Kazi ilihamia Midleton, kusini mwa nchi, katika kiwanda kipya kilichofunguliwa mwaka wa 1975, na mwaka wa 1988 kampuni yote ikachukuliwa na Wafaransa wa Pernod Ricard. Leo Jameson, Powers, Redbreast na ile ghali ya Midleton Very Rare, iliyoanza mwaka wa 1984, zote hutengenezwa mahali pamoja. Redbreast imebaki na njia ya kale ya vyungu vitupu. Jameson ya kawaida ni mchanganyiko, na sehemu yake inatoka katika mtambo wa aina ile ile wazee wa Dublin walioiandikia kitabu cha kuikataa.

Mpaka hapo kaka yangu ana haki. Ukoo umetoka na jina limebaki, na bila shaka linauza kuliko zamani.

Lakini jina halibebwi na chupa peke yake. Annie Jameson, mjukuu wa mzee John, alimpenda Mwitalia ambaye jamaa zake hawakumtaka, akatoroka na kufunga naye ndoa mwaka wa 1864. Mtoto wao ni Guglielmo Marconi, aliyetuletea mawasiliano ya redio, na binamu mmoja wa upande wa mama ndiye aliyemsaidia kuanzisha kampuni yake London mwaka wa 1897. Hapo ukoo unaweza kujivunia.

Mwingine wa ukoo huo alikuwa James Sligo Jameson. Huyu alilipa pauni 1,000 ili aingie katika msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha. Msafara ulitoka Unguja Februari 1887, ukiwa na mamia ya wapagazi waliokodiwa huko, naye Tippu Tip akiwa katika meli hiyo hiyo. James aliachwa Yambuya, Kongo, na kikosi cha nyuma, ambako wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Mei 1888, wakiwa safarini na Tippu Tip, kulizuka mazungumzo kuhusu watu wanaokula watu. James akasema kwao Ulaya habari hizo huhesabiwa uongo. Akaambiwa atoe kitambaa aone. Akatoa leso sita. Akaletwa msichana wa miaka kama kumi, akauawa mbele ya macho yake, naye baadaye akachora picha za tukio hilo. Katika maandishi yake, ambayo mjane wake aliyachapisha mwaka wa 1890, alijitetea kwamba alidhani ni mzaha. Alikufa kwa homa Agosti 1888. Jina la msichana yule halikuandikwa popote.

Nilipowasimulia haya nyumbani, kaka alikasirika. Akauliza, kinu cha mahindi na mambo ya Kongo vinahusiana vipi? Dada yetu mdogo, ambaye yuko chuo kikuu na karo yake ndiyo ingelipwa kwanza kwa fedha hizo, alinyamaza tu.

Mama ndiye aliyejibu. Alisema watu walikuja kwa baba kwa sababu ya mizani yake. Mjane alileta debe moja la mahindi, akarudi na unga wake wote, hata ule wa kukung'utwa kwenye mfuko wa mashine. "Huyo mnunuzi akiiba vikombe viwili kwa kila debe," mama aliuliza, "watu sokoni watamlaani nani? Jina lake si halipo ukutani?"

Hatujaamua. Mnunuzi ametupa hadi mwisho wa mwezi ujao. Kaka anataka tuandikiane mkataba kwamba jina likae miaka miwili tu, mama anataka lifutwe kabla fedha hazijahesabiwa, na mnunuzi ameshasema bila jina atapunguza bei kwa theluthi moja. Theluthi hiyo, msomaji, ni karo ya miaka miwili ya dada yetu.