Baba alipoiacha chapa ya pikipiki aliyoipenda kwa miaka 21

Kila nyumba ina chapa zake. Kuna nyumba ambayo sabuni ya kufulia ni ileile tangu bibi akiwa msichana, na mtoto akitumwa dukani akaja na nyingine, anarudishwa nayo. Kuna nyumba za majani ya chai ya aina moja na nyumba za betri za redio za aina moja. Ukiuliza kwa nini, huambiwi bei wala ubora. Unaambiwa, "Hii ndiyo yetu."

Kwetu Kilosa, chapa ya nyumba ilikuwa ya pikipiki. Baba alikuwa bwana shamba, na kwa miaka 21 alipanda pikipiki za kampuni moja ya Japani. Zilikuwa tatu, moja ikichoka anatafuta nyingine ya jina lilelile. Ya kwanza aliinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu, ikiwa na injini ya zamani inayochoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo ilikuwa ikiacha moshi wa bluu njia nzima. Jina la kampuni hiyo sitaliandika, wala la ile tuliyohamia baadaye. Ukurasa huu si wa matangazo, na ninachotaka kuwaeleza wazazi wenzangu hakihusu jina lililobandikwa kwenye tangi la mafuta.

Nianze kwa kumtetea Baba. Watu husema wazee ni wabishi, hawataki mabadiliko. Ubishi wa Baba ulikuwa na sababu zake. Pikipiki ile ilikuwa nyepesi, na ilipozama kwenye tope la masika watu wawili waliweza kuinyanyua. Keria yake ya nyuma ilibeba mfuko wa mbegu bila kulalamika. Wakulima walijua mlio wake. Wakiusikia kwa mbali, wanajua bwana shamba anakuja.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na usiku mmoja. Mama alishikwa na uchungu wa mdogo wangu wa mwisho saa nane usiku, mvua ikinyesha, na gari hakuna. Pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza. Walifika hospitali, mtoto akazaliwa salama. Baba amesimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara hasahau kutaja kiki ya kwanza. Mtu aliyepata msaada wa namna hiyo hawezi kuambiwa "badilisha tu, ni chuma". Kwake ilikuwa shukrani.

Lakini shukrani haizuii maisha kubadilika. Baba alistaafu. Mfuko wa mbegu ukaondoka kwenye keria, na mahali pake akakaa Mama, ambaye ana presha na kila mwezi huhudhuria kliniki. Likizo ikifika, wajukuu nao huja, akiwemo mwanangu wa miaka minne. Pikipiki iliyokuwa ya kazi ikawa ya familia, bila yeyote kukaa chini na kulizungumza jambo hilo.

Ndipo matatizo mawili yakajitokeza. La kwanza lilikuwa spea. Fundi aliyeijua vizuri pikipiki hiyo alihamia mjini, na maduka ya karibu yakawa yamejaa spea za pikipiki za India na China, kwa sababu ndizo zilizo nyingi barabarani. Kifaa kidogo tu kikiharibika, lazima kiagizwe Dar es Salaam. Mara moja tulisubiri siku 16. Katika siku hizo tarehe ya kliniki ya Mama ikapita na dawa zikamwishia.

Kama mwandishi wa habari za afya, hapa sina budi kusema jambo moja. Dawa za presha ni za kila siku. Mgonjwa akijisikia vizuri, mara nyingi ni kwa sababu anazimeza. Akiziacha ghafla bila ushauri, shinikizo la damu linaweza kupanda bila yeye kusikia dalili yoyote, na presha iliyopanda ni chanzo kikubwa cha kiharusi. Kwa hiyo ile pikipiki iliyosimama uani kwa siku 16 haikuwa tena suala la usafiri peke yake.

Tatizo la pili lilikuwa khanga. Mama hukaa upande, kama wanawake wengi wa rika lake. Siku moja wakitoka sokoni, pindo la khanga likavutwa na cheni. Baba alikuwa anakwenda taratibu, na ndiyo sababu tunaweza kuisimulia habari hii kwa utulivu. Mama alianguka, akavunjika mkono karibu na kifundo, akakaa na plasta ya jasi kwa wiki sita. Wiki sita za mwanamke wa nyumbani kutoweza kukamua khanga wala kugeuza ugali.

Tulikutana sebuleni, watoto wote. Kaka alitaka inunuliwe pikipiki mpya ya India, zile ambazo vijana wa bodaboda wengi wanazitumia. Baba alikataa. Alisema zile ni za kubebea abiria, hazina nguvu ya kupita shambani, na kwamba kosa ni la khanga, si la pikipiki. Maneno yakaanza kupanda. Kaka akisema petroli, Baba anajibu uimara. Kaka akisema spea, Baba anakumbusha usiku ule wa saa nane.

Mama alikuwa kimya, mkono ukiwa kwenye plasta. Kisha akauliza, "Baba Rehema, hii pikipiki walipoitengeneza walikuwa wanamfikiria nani?"

Hakuna aliyejibu haraka. Ni swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye mikutano ya wataalamu. Pikipiki ile ilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kazi ya shamba na mzigo wake. Siti iko juu ili ipite kwenye mawe na maji. Nyuma kuna keria ya chuma, kwa sababu waliobuni walitarajia gunia. Ilifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Ila mama mwenye khanga, aliyekaa upande na kapu mkononi, hakuwamo kwenye mawazo yao.

Jioni hiyo nilimweleza Baba kitu nilichokutana nacho nilipokuwa nikiandika kuhusu usalama wa abiria. Nchini India, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na mahali pa kudumu ambapo abiria wa nyuma anashika, iwe na sehemu ya kuweka miguu, na iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Sababu yake inajulikana: wanawake wengi wa kule huvaa sari na hukaa upande. Ile fremu ya chuma unayoiona pembeni ya gurudumu la nyuma kwenye baadhi ya pikipiki za India, ambayo wengine hudhani ni pambo, chimbuko lake ni hilo. Sari na khanga ni ndugu. Pindo ni pindo.

Baba hakusema kitu. Lakini Baba ni mtu wa takwimu. Ameishi kwa kupima mvua na kuhesabu magunia. Ana daftari ambalo ndani yake kila matengenezo yameandikwa: tarehe, kifaa, bei, na siku ambazo pikipiki ilikaa bila kutembea. Usiku ule alilitoa, akavaa miwani, akajumlisha. Asubuhi alituambia kwa ufupi: "Mwaka huu imesimama siku nyingi kuliko ilizotembea kwenye tope." Daftari lake mwenyewe lilikuwa limemjibu.

Hakwenda moja kwa moja dukani. Kwanza alizunguka kwa mafundi watatu, akiuliza bei ya kebo ya klachi, viatu vya breki na cheni, na kama vipo siku hiyohiyo. Akawauliza madereva wa kijiweni ni kitu gani huharibika mapema. Akampandisha Mama kwenye pikipiki ya jirani ikiwa imesimama, ili aone kama miguu inafika mahali pa kukanyaga na kama mkono una pa kushika. Baada ya mwezi mmoja ndipo akanunua, na ile ya zamani akamuuzia bwana shamba kijana wa kata ya jirani, ambaye bado ana mbegu za kubeba.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kimekuwa bora. Pikipiki mpya ni nzito kwenye matope, na masika iliyopita Baba aliiacha mara mbili kwa watu na kutembea kwa miguu. Analalamikia siti na mlio wake. Hayo ni malipo ya uamuzi, na aliyajua kabla ya kulipa. Faida ni kwamba ikiharibika asubuhi, jioni inatembea, na Mama hajakosa kliniki tangu ilipofika.

Kubadilisha chapa pia hakumalizi hatari. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na takriban asilimia 30 yao ni watumiaji wa vyombo vya magurudumu mawili na matatu. Hakuna jina la kampuni linaloziondoa namba hizo. Kofia ngumu inasaidia kuliko jina lolote: mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalionesha kwamba inapunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kwa hiyo siku ile ile Baba alinunua kofia mbili. Ya Mama imechaguliwa kwa kipimo cha kichwa chake, na kamba yake hufungwa chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Kuhusu watoto, nilikuwa na mazungumzo yangu na Baba. Kanuni za mwaka 2010 za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki hapa Tanzania zilikataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Pikipiki ya Baba si ya biashara, lakini mwili wa mtoto hautofautishi. Mtoto wa miaka minne miguu haifiki pa kukanyaga, na akisinzia njiani hakuna kinachomshika. Tulikubaliana kwamba mwanangu atapanda basi. Babu alinung'unika kidogo, kwa sababu kumpakia mjukuu mbele ni raha ya babu, lakini alikubali.

Jambo jingine ambalo wazazi hulisahau ni bomba la moshi. Watoto wengi huungua mguu pikipiki ikiwa imeshasimama, wakati wanapanda kuchezea. Ikitokea, mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Kisha mpeleke kituo cha afya, hasa kama malengelenge yametokea. Nyumbani kwetu pikipiki sasa huegeshwa upande wa bomba ukielekea ukutani.

Kama nanyi mna chapa ya nyumba na mnafikiria kuhama, au kubaki, haya ndiyo maswali tuliyoyapata kwa gharama ya mkono wa Mama.

Nani hasa anaipanda sasa? Si aliyeipanda siku inanunuliwa. Andikeni majina, umri na wanakokwenda.

Spea zinapatikana wapi, na kwa siku ngapi? Muulize fundi, usimuulize muuzaji peke yake.

Abiria wa nyuma ana pa kushika na pa kukanyaga? Cheni na gurudumu vimefunikwa? Kama kinga haipo, fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza, lakini hakikisha haigusi tairi.

Breki zikoje? India, tangu Aprili 2019, inataka pikipiki mpya zinazouzwa kule ziwe na mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga au unaoshirikisha breki za mbele na nyuma. Hiyo ni sheria ya soko lao. Usidhani iliyoko dukani kwetu inao. Iangalie mwenyewe na uulize.

Na kwa akina mama: kukaa kwa kutanua miguu kuna uthabiti zaidi kuliko kukaa upande. Mama yangu sasa huvaa suruali nyepesi chini ya gauni, khanga anaikunja na kuiweka kwenye kapu mpaka wafike. Mwanzoni aliona haya kupita hivyo mbele ya msikiti na mbele ya majirani. Siku hizi wenzake wawili nao wanafanya hivyo.

Baba akiulizwa kijiweni ni pikipiki gani bora duniani, bado anaitaja ile ya Japani, na hakuna anayembishia. Lakini leo kabla hujalala, toka nje uitazame ya kwenu ukiwa na tochi ya simu. Tazama cheni, tazama gurudumu la nyuma, kisha tazama nguo ambayo mama watoto atavaa kesho akipanda.