Arobaini Ile Ile

Dereva alikuja msibani na bandeji kichwani. Akakaa mkekani pamoja na wanaume, akasema maneno ambayo ukoo wetu haukumsamehe: "Sikuongeza mwendo. Niliingia kona na arobaini, ikawa arobaini ile ile mpaka gari linalala."

Baba mdogo alikuwa utingo wake. Lori la mbao, linateremka Kitonga. Bibi alisema yule ni mwongo, gari halilali lenyewe. Nilikuwa darasa la sita, nikaamini, nikakua nikiamini.

Kidato cha tano mwalimu akaandika ubaoni vekta ya mahali ya kitu kinachozunguka kwenye duara: r = R(cos ωt, sin ωt). R ni nusu kipenyo, ω ni kasi ya kugeuka. Tudifarenshieti mara moja, tupate velositi. Shule ya msingi tuliiita mwendokasi, lakini siku hizi ukilitaja neno hilo Dar mtu anakuuliza unashukia kituo gani. Ikatoka v = Rω(−sin ωt, cos ωt). Ukubwa wake ni Rω tu, haubadiliki. Nikachora mshale: umegusa ukingo wa duara, unatazama mbele.

Mara ya pili, tupate mchapuko. Nikapata a = −Rω²(cos ωt, sin ωt), yaani −ω²r.

Nilijua nimekosea. Kasi haibadiliki, mchapuko utoke wapi? Nilitegemea sifuri. Nikafuta, nikarudia, ikaja ile ile. Mwenzangu wa dawati akachungulia: "Mbona iko sawa, songa mbele." Yeye akasonga. Mimi nilibaki kwenye ile alama ya kutoa, nikamsikia yule dereva.

Alama ile inasema mchapuko unaelekea kinyume cha vekta ya mahali: ndani, kwenye kitovu cha kona. Velositi ina ukubwa na uelekeo, na spidomita inasoma ukubwa peke yake. Mshale ukigeuka bila kurefuka, velositi imebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo mchapuko wenyewe. Barabara inayasukuma matairi kuelekea ndani ya kona, huku mbao kule juu zinataka kwenda moja kwa moja. Hapo ndipo gari linapolala.

Usiku, kwenye prepo, nikapiga hesabu. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11.1 kwa sekunde. Nusu kipenyo cha kona nikakadiria mita 30. Kasi mara kasi, gawa kwa nusu kipenyo: 4.1. Mvutano wa dunia ni 9.8. Gari dogo lingepita tu, lakini si lori lililosheheni mpaka juu. Kwa 20 nikapata 1.03. Spidi nusu, mchapuko robo.

Likizo nilifunga jiwe kwenye kamba nikalizungusha mbele ya bibi, aone mkono wangu unavyovuta muda wote hata kama jiwe haliongezi kasi. Aliacha kuchambua mchele.

"Kwa hiyo yule mtu hakusema uongo."

"Hakusema uongo, bibi."

"Na angeingia na ishirini?"

Swali hilo nilikuwa nimelikwepa njiani kote, ndani ya basi. Nilikuja kumsafisha mtu, na hesabu iliyomsafisha ndiyo iliyomtia hatiani: hakuongeza chochote, ila arobaini yenyewe ilikuwa imezidi tangu anaingia kona.

"Wangepita," nikasema.

Akanyamaza, akarudia mchele wake. Baadaye akasema, "Baba yako usimwambie leo." Halafu akaniomba ile kamba, mlango wa banda la kuku ulikuwa haufungi.